Mtani Aliyekatazwa Kunichekesha

Sikuona. Vumbi la saruji lilipanda kila asubuhi juu ya kiwanja chetu cha Rasbura, mjini Lindi, jua likapita ndani yake, anga ikawa unga unaochekechwa. Nami nikalitazama vumbi, nikalitazama jua, nikazitazama kuta zikiinuka. Mkono wangu mwenyewe sikuutazama. Sikuona kwamba nilikuwa nimeanza kucheka nikiwa nimejishika kinena.

Na kucheka kwangu, Mfaume, kulikuwa kazi yako. Mimi Mmwera wa Rondo, wewe Mngindo uliyehamia Kilwa. Kabla hatujajuana majina tulikuwa watani tayari, kwa kuwa babu zetu walitaniana, na wao walirithi. Ulikuja kunijengea nyumba, fundi mwenye mwiko mkononi na matusi mdomoni.

"Nyinyi wa Rondo," ulisema siku ya kwanza, "mkiiona bahari mnauliza nani kaimwaga."

Nikakujibu kwamba Wangindo huijengea nyumba mlango mmoja kwa sababu hesabu zao huishia hapo. Tukacheka, na msingi ukachimbwa. Nilikusaidia kuinua matofali, mwalimu wa historia mwenye mikono laini, nikajivunia malengelenge yangu kuliko shahada.

Aliyeona ni mke wangu, Consolata. "Mbona siku hizi ukicheka unajishika," aliniuliza, "kama mtu aliyeficha kuku?" Nilipojitazama nikakuta uvimbe, laini, wa kiasi cha yai la kwale, unaotokeza nikisimama na kuingia ndani nikilala. Ngiri.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Mabati yalitoka nje, mashati yalitoka nje, hata sabuni tuliyoogea ilikuwa na maandishi tusiyoweza kuyasoma. Daktari wa hospitali ya misheni akanionyesha kipande cha wavu, cheupe, chepesi, chenye matundu madogo, nacho kimetoka nje. Ukuta wa tumbo lako una ufa, alisema. Nikiushona mtupu, nitakuwa naivuta nyama iliyokwisha kuchoka. Afadhali niutandikie wavu huu.

"Nyuzi zitashika kwa muda," akaendelea. "Halafu nyama yako itaota kupitia kwenye matundu. Hapo ndipo utakapokuwa mzima."

Niliipenda sentensi hiyo kwa akili, siku nyingi kabla mwili haujaisoma.

Ganzi ya mgongo ilipoisha, maumivu yaliingia bila hodi, kama mwenye nyumba. Kugeuka, maumivu. Kuketi, maumivu. Kusimama kulikuwa safari, na mlango wa choo ulikuwa mji wa mbali. Ilipobidi kukohoa nilikumbatia mto juu ya tumbo, nikafumba macho, nikakohoa polepole, kwa hila, kama mwizi anayeogopa kuamsha watu.

Ndipo ulipokuja. Sauti yako ilitangulia kofia yako mlangoni.

"Yuko wapi mgonjwa wa soko huria? Mabati ya nje, mitumba ya nje, na sasa tumbo la Mmwera limetiwa kiraka cha nje. Na huo wavu, umewaomba wavuvi? Siku ukipita ufukweni watakuvua nguo wauchukue."

Wodi nzima ilicheka. Nami nikacheka, na kicheko kikashuka mpaka kwenye kidonda, kikaushika kila uzi na kuuvuta. Jasho likanitoka. Nilitoa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, na muuguzi Benadetha akaja mbio.

"Wewe baba, unataka kuniharibia mgonjwa?"

"Sisi ni watani, mama."

"Utani uache nje na viatu. Mshono haujui utani."

Siku iliyofuata ulisimama miguuni pa kitanda, kofia umeishika kwa mikono miwili. "Pole, Mwalimu," ulisema. "Mungu akujalie nafuu." Ukaondoka. Ukaja tena, ukasema pole tena, ukaondoka tena.

Mfaume, wewe unajua, na asiyejua na ajue: kwetu mtani hasemi pole. Hata msibani hasemi. Hujilaza njiani akalizuia jeneza, humwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa hucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mimi nilikuwa hai, ninapumua, ninakunywa uji. Nawe ukaninyima kile wanachopewa hata wafu.

Nikarudi nyumbani. Maumivu yakawa yanapungua, yakahama kutoka kwenye moto kwenda kwenye kaa, kutoka kwenye kaa kwenda kwenye joto la majivu. Adabu yako ikawa inakua. "Mwalimu, dirisha hili tulipandishe kidogo?" "Mwalimu, naomba ruhusa nikaswali." Kuta zilipanda kwa heshima tupu. Nikakaa kwenye kiti kivulini, nimegeuka chombo cha udongo ambacho kila mtu hukizunguka kwa kunyata, na niliogopa jambo moja: kwamba wavu ungeshika, na sisi wawili tungefumuka.

Nilipokwenda kuangaliwa, daktari aliweka vidole viwili juu ya kovu. "Kohoa." Nikakohoa. "Tena, kwa nguvu." Nikakohoa kwa nguvu. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nyama imeota. Mizigo mizito uwaachie wengine. Mengine yote ni yako."

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kiwanjani.

"Mfaume, ukuta huu umepinda."

Ulishusha timazi, ukaitazama kamba yake ikitulia. "Umenyooka, Mwalimu."

"Umenyooka kwa macho ya Kingindo. Kwenu hata barabara ilichorwa na mbuzi."

Vibarua waliacha kukoroga saruji. Wewe ulitazama chini.

"Nimekatazwa," ulisema.

"Na nani?"

"Yule muuguzi."

"Muuguzi ametoka wapi?"

"Bukoba."

"Basi haya hayamhusu."

Ulinitazama kwa muda mrefu, kutoka viatu mpaka uso, jinsi unavyoutazama ukuta kabla ya kuuegemea. Kisha ukakohoa kidogo, ukaweka mwiko chini.

"Una hakika wamekufunga sawasawa? Maana Mmwera akipasuka hapa utamwagika muhogo mtupu, na mimi nina saruji mbichi."

Kicheko kilianzia kifuani. Nilikisikia kikishuka, nikakingoja pale kwenye kovu, mikono yangu yote miwili nikiwa nimeiacha ining'inie. Maumivu yalikuja, madogo, yakasimama kizingitini. Nyama ikashika. Nikacheka zaidi, nyama ikashika. Vibarua wakacheka, mmoja akapiga koleo chini, vumbi likapanda likatujaa puani, nikapiga chafya, chafya niliyokuwa nimeiogopa kuliko kisu, na nyama ikashika.

Watu husema nimetengenezwa kwa kitu cha nje, nami sikatai. Wavu ulivuka bahari, na aliyeufuma ana shukrani zangu. Lakini kilichoota kupitia matundu yake hakikuletwa na meli yoyote. Kilikulia Rondo kwa muhogo na maji ya kisima, kilikomaa Lindi kwa matusi ya Mngindo mmoja. Najivunia nyama hiyo. Najivunia kovu lake, refu na lililopinda kidogo, ambalo nitalionyesha kwa daktari yeyote atakayeniuliza. Najivunia babu zetu, waliotuachia ruhusa ya kutukanana kwa mapenzi.

Nyumba ilimalizika kabla ya mvua. Matofali ya mwisho waliyabeba wengine, nami nilikaa kitini nikiwakosoa. Na tangu siku ile, Mfaume, hujaniambia pole.