Makosa Aliyoyadonoa Mama Nukta

Saa tatu asubuhi Mama Nukta aliketi mezani, gazeti la jana mbele yake, kisahani pembeni. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Jina hilo alibandikwa na wapiga chapa, maana hakuna nukta iliyompita. Kisha presha ya macho ikamla nuru kidogo kidogo, ikabaki pembe moja ya jicho la kushoto, nayo ikafunga mwezi Machi.

Daktari alisema akili yake isiachwe ilale. Mkaza mwanawe akamletea magazeti.

"Yashike tu, mama. Angalau harufu yake unaijua."

Siku ya kwanza alipopitisha kidole, kosa liliinuka: herufi iliyozidi, ngumu kama punje ya mchele. Akaidonoa, akaiweka kisahanini. Kufika adhuhuri alikuwa na makosa kumi na saba. Mkaza mwana akayamwaga jalalani, akaosha kisahani.

Mwanawe naye hakushangaa. "Kazi haimtoki mtu," alisema. Ila mbele ya mama yake alizungumza kama mbele ya kabati. "Macho yakienda, akili nayo hufunga virago."

Jumanne alileta hati, akaisoma mbiombio kama anayemeza dawa chungu. Nyumba iwe yake; mama ahamie chumba cha uani.

"Nipe niipitie," alisema Mama Nukta.

Kidole kikashuka mstari kwa mstari. Tahajia ilikuwa safi. Chini kabisa kikakwama. Akang'oa, yakatoka maneno matatu: kwa hiari yake.

"Haya yamekosewa. Mimi sijaulizwa."

Mwanawe akatazama pengo jeupe kwenye karatasi. "Kumbe. Ahsante, mama." Akachukua kalamu, akayaandika upya. Mama akayang'oa. Mwanawe akayaandika tena, na safari hii akaukamata mkono wa mama, akakipaka kidole gumba wino, akakigandamiza kwenye hati kabla hakijapapasa.

Kushika kalamu alifundishwa na mama huyohuyo, kwenye meza ileile.

Mwezi haukuisha, majirani wakawa wanaingia chumba cha uani na barua za kazi, mikataba na hotuba. Alizipitia zote, akawarudishia na makosa yao yamefungwa kwenye kikaratasi. Watu walipozidi, mwanawe aligongomea benchi la kusubiria, akawa anawaelekeza.

"Pitieni huku nyuma. Ila msimchoshe kwa maneno. Mama hana macho, hafahamu kitu tena."