Doto Yuko Milimani

Asubuhi hiyo Shija alikuwa nyuma ya nyumba yao, mtaani Ngokolo, anachagua michembe. Alikuwa ameimwaga kwenye ungo, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama magome, anatupa vilivyoliwa na wadudu na kubakiza vizuri. Vizuri vilikuwa vya kaka yake Kulwa, mchimbaji wa dhahabu kule mbele ya Ushirombo. Kulwa alikuwa akisema kwamba akiwa chini ya duara, lile shimo lao la kuchimbia, na kipande cha mchembe shavuni, hata giza halimsumbui.

Simu ikatikisika mfukoni. Ni Doto.

Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye aliyewafuata, ndiyo maana akaitwa Shija. Kulwa alimaliza kidato cha nne akaingia duarani. Doto alipata nafasi ya kusoma udaktari Armenia, nchi ambayo mama yao aliposikia jina lake mara ya kwanza aliuliza, "Ni mbele ya Dodoma?" Sasa chuo kilikuwa kimefunga, na Doto na wenzake walikodi gari dogo wazunguke kuona makanisa ya kale ya huko milimani. Tangu alfajiri alikuwa anamwaga picha tu. Kanisa la mawe juu ya kilima, mashamba ya zabibu chini yake, na nyuma kabisa mlima mkubwa mweupe kichwani.

Halafu sauti ikaja.

"Shija! We bubu, upo? Ule mlima ndio Ararati, mwanangu, ule wa safina ya Nuhu! Uko ng'ambo ya mpaka lakini unauona kama uko jikoni kwako. Sasa sikiliza. Hapa panaitwa Khor Virap. Kuna shimo, mfalme wa zamani alimtupa humo Mtakatifu Gregori kwa sababu ya kuwa Mkristo. Wanasema alikaa miaka kumi na mitatu! Kuna mama alikuwa anamdondoshea mkate kila siku, basi, anaishi. Mwisho wakamtoa mzima, akambatiza mfalme mwenyewe. Mimi nimeshuka ngazi ya chuma mpaka chini. Mwambie Kulwa asijione yeye tu ndiye mtu wa mashimo. Kulwa! Kulwa we! Na mimi nimeingia duarani leo! Shija, mpelekee asikie. Na wewe siku moja utume sauti, usiwe unaandika andika tu kama karani."

Shija alicheka peke yake. Kweli hakuwahi kutuma sauti. Hata darasani mwalimu akimuuliza, jibu linaishia kooni. Akaandika: Pazuri sana dada. Kisha akarudi kwenye michembe.

Hakufika mbali. Ndani ya nyumba mama yake alipiga ukelele mmoja, mfupi, kama mtu aliyekanyaga moto.

Aliyepiga simu ni Samwel, rafiki wa Kulwa, wanachimba duara moja. Alfajiri matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta, yalikuwa yamekatika, na duara limejaa udongo kuanzia katikati. Samwel alikuwa juu kwenye winchi. Kulwa alikuwa chini.

"Lakini anagonga, mama," Samwel alisema. "Tunamsikia anagonga."

Waliondoka na basi la kwanza la kuelekea Kahama, mama, Shija na mjomba Maige, kaka yake mama. Mama alibeba mfuko wa michembe kifuani. Hakuna aliyemuuliza wa nini.

Njiani picha ziliendelea kuingia. Makorongo mekundu, kama yamechomwa kwenye tanuru, na kanisa lenye ngazi nyembamba ukutani kwa nje, isiyo na pa kushika. Chini yake Doto aliandika: Noravank. Nimepanda, nimeshuka kwa makalio. Mwambie mama asicheke.

Mjomba Maige alichungulia simu. "Umemwambia?"

Shija akatikisa kichwa.

"Usimwambie. Mtu aliye safarini hapewi habari mbaya. Na pacha ndiyo kabisa. Yuko kwenye mawe huko, mbali gete, mbali sana, akishtuka mguu ukateleza tutamzika nani na nani? Atasikia akifika."

"Msikilize mjomba wako," mama alisema, macho dirishani.

Walifika machimboni jua limeanza kulegea. Palikuwa na mabanda ya turubai, vifusi, na watu wengi wamesimama bila kufanya kitu, kwa sababu kila jembe likipiga, udongo unashuka tena. Kabla hawajasogea, mzee mmoja mwenye kofia ya plastiki aliwanyooshea mkono. Alikuwa Telesphori, msimamizi wa duara.

"Mama Kulwa, pole sana. Lakini nyie wanawake mtakaa pale kwa mama ntilie. Hapa mwanamke hasogei. Ndiyo taratibu zetu, dhahabu inakimbia."

"Dhahabu?" mama alisema. "Mimi nimefuata dhahabu hapa?"

"Mama, usinione mbaya. Vijana wakiona mwanamke pale wataacha kuchimba. Unataka waache?"

Mama alikaa. Utafanya nini? Alikaa kwenye benchi la mama ntilie, mfuko mapajani, na Shija akakaa pembeni yake. Duara wanaliona, winchi wanaiona, na kamba iliyofungwa kutenga watu wanaiona. Ila pale mahali penyewe hapaonekani, wameziba wanaume.

Samwel alikuja akiwa mwekundu kwa vumbi, hata kope.

"Shikamoo mama. Bomba la hewa halikukatika. Ni la chuma, limefika chini kabisa. Kompresa inampelekea upepo. Kila baada ya muda tunaizima kidogo, tunasikiliza. Anagonga bomba na jiwe."

"Anagongaje?" Shija aliuliza.

Samwel alimwangalia kama aliyesahau kwamba huyu naye huongea. Akagonga benchi: mara mbili haraka, akanyamaza, kisha mara moja.

Mama na Shija walitazamana. Ndivyo Kulwa alivyokuwa anagonga dirisha la Shija akichelewa kurudi, afunguliwe mlango kimyakimya.

"Ni yeye," Shija alimwambia mama yake. "Ni yeye, mayu. Anataka afunguliwe."

Mama alianza kufungua mfuko. "Basi mtumbukizie michembe kwenye hilo bomba. Samwel, baba, hata vipande viwili. Hajala."

"Mama, haiwezekani. Kikikwama kimoja tu, hewa imeziba."

"Kidogo tu."

"Haiwezekani, mama yangu."

Shija alifikiria yule mama wa zamani kule Armenia, anadondosha mkate shimoni kila siku, hakuna wa kumkataza. Ndipo akakumbuka. Akaitoa simu, akashika mkono wa Samwel, yeye ambaye hata kusalimia wavulana huwa anasalimia viatu vyao.

"Mkizima tena, mwekee hii kwenye bomba. Ni Doto."

Samwel alisikiliza mwanzo, akakimbia nayo. Kompresa ilipozimwa, uwanja wote ukanyamaza. Shija alisikia kwa mbali sauti ya dada yake ikiingia kwenye chuma, imekuwa nyembamba kama ya mtoto: Kulwa! Kulwa we! Na mimi nimeingia duarani leo!

Kimya. Halafu wanaume wakalipuka kwa kelele.

"Amejibu!" Samwel alirudi mbio, ile sauti ameshaihamishia kwenye simu yake, akamrudishia Shija ya kwake. "Amegonga, tena kwa fujo! Kama anacheka vile!"

"Wabeja, Mungu wangu, wabeja," mama alishukuru, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akanywa maji. Hata Telesphori alisogea mpaka kwenye benchi. "Huyu binti kumbe ana akili. Na bado anaonekana kama kuku wa kuazima."

Watu walicheka. Ni katika kicheko hicho ndipo simu ilipolia. Doto mwenyewe, anapiga.

"Shija, fanya haraka, tuko kwenye kamba! Ile gari ya kwenye kamba inayovuka bonde kwenda Tatev. Chini ni shimo tu, halina mwisho, na kuna daraja dogo kama uzi. Dereva anasema huko juu mtandao ni wa kubahatisha, na tunalala huko. Nipe Kulwa. Nampigia hapatikani, nataka nimtambie."

Shija alimtazama mjomba. Mjomba alitikisa kichwa polepole, kidole mdomoni. Alimtazama mama. Mama aliinamia mfuko wake.

Na kwani Kulwa si amejibu? Si atatoka leo hii hii, kabla usiku haujaingia? Kwa nini amtie mtu hofu akiwa ananing'inia juu ya bonde?

"Yuko kazini," Shija alisema.

"Mwambie ana deni. Akitoka anipigie hata saa nane usiku. We, mbona sauti yako hivyo?"

"Mafua."

"Pole, kunywa tangawizi. Haya, tumefi..." Ikakatika hapo.

Haikupita muda mrefu, ardhi ikanung'unika. Haikuwa kelele, ilikuwa kama ng'ombe anayejigeuza zizini. Vumbi likapanda kutoka duarani na wanaume wakakimbia kurudi nyuma, wengine wameacha makoleo. Vumbi lilipotulia, bomba lilikuwa bado limesimama, ila limelala upande kidogo.

Wakazima kompresa. Wakasikiliza. Wakaiwasha. Wakaizima tena.

Samwel alikuja, safari hii anatembea.

"Hewa inapita," alisema. "Tumeweka mkono, inapita. Ila hagongi."

"Mwekeeni Doto," mama alisema.

"Tumemwekea. Mara tatu. Hagongi."

Telesphori alivua kofia yake. "Huko chini hewa ikiwa nzito mtu anashikwa na usingizi. Akilala ndiyo basi. Anatakiwa mtu wa kumwita, amshtue, amtukane hata. Sisi tumeita mpaka makoo yamekauka. Mama, sema wewe, tuirekodi."

Wakamshikia mama simu mdomoni. "Kulwa," mama alisema. "Kulwa mwana..." Sauti ikakatika hapo hapo. Walijaribu tena, ikatoka pumzi tu na kilio. Samwel aliipeleka hivyo hivyo. Wakaiweka kwenye bomba, watu wakasikia mama wa mtu analia ndani ya chuma. Hakuna jibu.

Jua lilikuwa linaingia. Mjomba Maige alikuwa amesogea pembeni anaongea na simu taratibu, kwa Kisukuma, na Shija akasikia anataja shamba la babu yao, pale kwenye makaburi ya ukoo.

Akaelewa kuna sauti moja tu iliyobaki. Tangu wakiwa wadogo, Doto akimwita Kulwa, hata awe amelala fofofo, ataitika kwa kununa. Sio mama, sio kiboko. Doto tu. Na muda si mrefu uliopita sauti hiyo ilikuwa sikioni mwake, nzima, inacheka, inaomba kuongea na Kulwa.

Alipiga. Haipatikani. Alipiga tena. Akapiga na namba ya rafiki mmoja wa Doto wa huko, ile ya ajabu ambayo Doto aliwahi kumtumia. Mwanamke wa mashine akaongea lugha asiyoijua.

"Nimesema asiambiwe," mjomba alisema nyuma yake.

"Mjomba, niache."

Mjomba alirudi nyuma hatua moja. Hakuwahi kujibiwa hivyo na Shija, na Shija hakuwahi kujibu hivyo.

Alisogea mpaka kwenye ile kamba ya kutenga watu, karibu zaidi ya mwanamke yeyote siku hiyo, na hakuna mwanaume aliyemfukuza. Alibonyeza ile alama ya kipaza sauti ambayo hajawahi kuibonyeza.

"Dada, ni mimi. Kulwa yuko chini, duara limemfunika tangu alfajiri. Nilikudanganya. Alikusikia mchana, alikugongea. Sasa hagongi. Mwite. Mtukane, mwambie chochote, nirudishie sauti yako, tunamwekea kwenye bomba. Dada, mwite Kulwa. Tafadhali, mwite sasa hivi."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaondoka. Tiki moja ya kijivu, bado haujamfikia.

Kule uwanjani wakazima kompresa tena, watu wote wakanyamaza, wakasubiri. Samwel alikuwa amepiga magoti kwenye bomba, mkono mmoja ameunyoosha nyuma kuelekea kwa Shija, wazi, anasubiri simu.

Tiki ilikuwa bado moja.