Mikono ya Dada

Picha ya kumi na moja nayo ikatoka kama imepigwa ndani ya moshi. Fundi cherehani aliitazama kwenye kioo cha kamera, akasonya.

Dada yake, aliyeketi kwenye kiti cha wateja, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mikono ndiyo iliyokuwa ulimi wake. Kesho asubuhi angesafiri kwenda kufundisha shule ya watoto viziwi, mbali, na nyumbani hapakuwa na picha hata moja inayomwonyesha akizungumza. Katika zote alikuwa ameweka mikono mapajani, kama mtu asiye na la kusema.

"Kamera mbovu hii!"

"Haina neno hiyo," alisema jirani wa fundi, mpiga picha za pasipoti, aliyekuja kuchukua gauni lake. "Umeiacha ijiamulie mambo. Lete." Akakodoa macho. "Ona, moja ya kumi na tano ya sekunde. Shata ni mlango, mwenzangu. Ukikawia kuufunga, kila kinachopita kinaingia. Na wewe mwenyewe unatetemeka! Weka moja ya mia tano."

Fundi akaweka, akabonyeza. Giza tupu.

"Mbona kumekuchwa?"

"Mwanga haukuwahi kuingia. Panua tundu la lenzi. Namba ndogo, tundu kubwa."

Fundi alikunja uso, kisha akaangua kicheko. "Kumbe kama uzi! Namba kubwa, uzi mwembamba."

"Haya, umenishinda. Mimi lilinichukua mwezi mzima hilo. Sasa pandisha ISO kidogo, kamera iwe nyepesi kuuhisi mwanga. Ukizidisha, picha itajaa chengachenga."

Walimsogeza Dada dirishani. Akaanza kusimulia jinsi alivyofunga sanduku lake mara tatu likagoma, na fundi akabonyeza katikati ya kisa. Safari hii vidole vyote kumi vilionekana, kucha kwa kucha. Fundi alipiga kigelegele.

Dada aliitazama picha, akainamisha kichwa upande, mikono yake ikauliza jambo.

"Anasemaje?" jirani aliuliza.

"Anasema nimemkata neno. Hata yeye hajui hapo alikuwa anasema nini."

Jirani aliitazama tena picha ile. Hilo halikuwa kwenye mafunzo yake.

Fundi alisimama akiwaza, kidole gumba juu ya gurudumu la kamera la kubadilishia namba. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akairudisha shata kwenye moja ya kumi na tano. Akashusha ISO, akabana tundu mwanga usizidi. Kamera akaiegemeza juu ya rundo la vitambaa mezani, isitikisike. Akamwashiria dada yake: uso utulie, mikono iseme.

Akashusha pumzi. Akabonyeza.

Macho ya Dada yalikuwa maangavu, hata kope ungezihesabu. Mbele ya kifua chake mikono ilitiririka kama kitambaa chepesi kilichopigwa na upepo.

"Ehe!" jirani alinong'ona. "Anaongea."

Dada aliikazia macho picha ile. Halafu akaichukua kamera mezani, akarudi nyuma hatua tatu, akainyanyua hadi jichoni. Kwa mkono mmoja akamwashiria mdogo wake: haya, sema wewe.

Fundi akasogea dirishani. Akainua mikono yote miwili, maneno yamemjaa, asijue aanze na lipi.