Kompyuta ya Mzee Kimya

Tangu Mzee Kimya azikwe, kompyuta ya sebuleni iligoma kuimba. Mkewe, Bi Vicheko, aliweka CD kwenye trei, akaisukuma ndani, akaisikia ikizunguka vuuu, halafu basi. Majirani wakasema na mashine nayo imefiwa. Walisema mengi, maana nyumba ile haikukosa watu: huyu kaja kutoa pole, huyu kuomba chumvi, huyu kusikia nani kasema nini.

Bi Vicheko alikuwa haoni. Macho yalimzimikia polepole, kama taa inayoishiwa mafuta, mpaka likabaki giza tupu. Lakini mdomo haukupungua, wala kiburi. "Nyumba hii naijua kama kiganja changu," aliwaambia watu. "Chai napika mwenyewe, muziki naweka mwenyewe. Naingiza tu CD, inajipiga."

Kesi ilikuwa hapo. Binti yake alitaka kumhamishia kwake, naye hakutaka hata kusikia. Nyumba ya mkwe, ijengwe kwa dhahabu, ni ya mkwe. Mwishowe wakakubaliana: mama akionyesha anajiweza, abaki. Sasa kila alipotaka kuonyesha, CD ilimuumbua mbele ya mwanawe.

Ndipo akaitwa fundi wa kompyuta, baba wa watoto wanne aliyebandikwa jina la Waya kwa wembamba wake.

"Ipulize lenzi," mshona nguo wa jirani akashauri kutoka kwenye kochi.

"Nimeshaipuliza, shangazi. Ingekuwa mtu angeshapata mafua."

"Basi ipige kibao. Redio yangu bila kibao haisemi."

"Na mumeo ulipompiga, alisema?"

"Alisema! Mpaka siri za majirani alizitaja."

Watu wakaangua kicheko, Bi Vicheko naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Fundi akabofya mausi, na wimbo ukatoka bila shida. Akausimamisha.

"Mnaona? CD nzima, lenzi nzima. Tatizo ni kule kujipiga yenyewe. Kumezimwa kwenye mipangilio."

"Nani kazima?" binti akauliza.

"Hakuna. Hakujawahi kuwashwa. Mimi ndiye niliyemfungia mzee mashine hii. Nikamwambia, ukitaka ijipige yenyewe, niite. Hakuniita."

"Mwongo wewe," Bi Vicheko akasema. "Miaka yote imejipiga. Naiweka mimi, kwa mikono yangu!"

"Haya, bibi. Mimi sibishani na mwenye nyumba. Nimeshaiwasha, jaribu."

Akainuka. Akapapasa meza, akaiweka CD, akaisukuma trei, akageuka kukitafuta kiti chake. Mkono haujakifikia, wimbo ukalipuka. Watu wakapiga makofi. Yeye akabaki ameinama, mkono hewani.

"Imeanza," akasema.

"Imepona, mama!" binti akajibu.

"Imeanza mapema. Bado sijakaa."

Fundi akacheka. "Mashine itajuaje kama umekaa, bibi? Ukisukuma tu trei, inaanza."

"Ilikuwa inajua. Ilikuwa inanisubiri. Nikishakaa, nikajifunika shuka miguuni, ndiyo inaanza. Siku zote."

Mshona nguo, ambaye akikosa la kusema hukohoa, akakohoa.

Kando ya kiti chake kulikuwa na kiti kingine, kile kilichopakana na mausi. Mzee Kimya hakukosa kukaa hapo muziki ulipopigwa. Bi Vicheko alidhani anapenda nyimbo. Tena alikuwa akimsimanga mbele ya wageni: mwanamume gani huyu, hata kuitikia kiitikio hajui, kakaa tu kama gunia. Na gunia halikusema neno.

Bi Vicheko akakaa.

"Na jiko?" akauliza.

"Jiko gani, mama?"

"Nilikuwa sisahau kulizima. Juzi nimeunguza sufuria, nikakuficha. Zamani lilikuwa linazimwa na nani?"

Binti akamshika mkono.

"Na mlango wa nyuma. Jana asubuhi nimeukuta wazi, nikasema wezi." Kwa mkono wa pili akakipapasa kiti cha kando. "Kumbe sijawahi kuufunga, mwanangu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi?"

Wimbo ulikuwa unaendelea, wa furaha, wa kuchezeka, na kila mtu aliona haya kuusikia.

"Niizime, bibi?" fundi akauliza kwa sauti ya chini.

"Iache. Haina kosa." Akajifunika shuka miguuni, akalinyoosha taratibu, kisha akamgeukia binti. "Kile chumba ulichosema, dirisha lake linatazama wapi?"

Binti akachutama mbele yake.

"Barabarani, mama."

"Vizuri," akasema Bi Vicheko. "Nitasikia watu."