Sahani Safi za Kayitesi

Kayitesi alipenda usafi, na hilo peke yake si kosa, hasa kwa mtu wa Kigali. Ila yeye alizidisha. Katika maabara ya hospitali alikofanya kazi, sahani zake za kuoteshea vijidudu zilipigwa picha na bosi wake, Mugabo, na wageni wakaonyeshwa: vidoa vyeupe, vya duara, vinavyofanana kama vifungo vya shati. Sahani ikionekana na mchanganyiko, Kayitesi aliiita chafu. Alichota kidoa kilichopendeza kuliko vyote, akakipanda kwenye sahani nyingine, na nyingine tena, mpaka kila kitu kifanane.

Ndivyo alivyoifanyia sampuli ya koo la mzee Usumani.

Usumani alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo, mgonjwa wa sukari wa siku nyingi. Koo lake lilikuwa limejaa kandida, fangasi wa jamii ya hamira, ndugu wa mbali wa ile inayoumua maandazi. Hali ilifika pabaya hata uji ukamshinda, akalazwa. Maabara ikapima, Kayitesi akasaini majibu: hamira hii inazuiwa na flukonazoli. Dokta Mugenzi akaandika vidonge vya flukonazoli. Siku zikapita, mzee akazidi kukonda, na mgonjwa anayekonda huku majibu yanasema dawa inafanya kazi huonekana mwongo tu.

"Huyu mzee anatuchezea," Mugenzi alimwambia Kayitesi siku aliyoshuka maabara. Daktari alikulia Karagwe, Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, na hasira zake pia. "Vidonge anavitema. Nimemwambia mkewe amsimamie. Nichukulie sampuli nyingine, halafu namrudisha nyumbani. Kitanda kinangojewa na watu wanaotaka kupona."

Nyumbani maana yake ilikuwa kufa kwa njaa, na wote wawili walijua.

Kayitesi akapanda wodini mwenyewe. Alimkuta Mukabalisa, mke wa Usumani, ameinama mbele ya mumewe na kijiko mkononi, anamkandamiza ulimi kutafuta kidonge kilichofichwa. Mtu mzima mwenye wajukuu, ameachama kama mtoto aliyeshukiwa kula udongo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanatazama. Kayitesi aliona aibu isiyokuwa yake.

"Mzee, mwihangane, pole sana," alisema. Yeye alikulia Uganda, Kiswahili alikiokota hapa mjini. "Mimi iko natoka laboratwari. Nataka kuchukua kidogo ya kwa koo."

"Chukua, binti yangu." Sauti ya Usumani ilikwaruza. "Lakini sikia. Mimi namezaga. Wallahi namezaga. Kila kidonge kinashuka kama kaa la moto, na bado namezaga. Sasa mama watoto naye amekuwa polisi."

"Nifanye nini?" Mukabalisa alidakia. "Dogiteri anasema vipimo havidanganyi. Nimuamini nani?"

Kayitesi alishuka na sampuli, akaipanda. Vidoa vilipoota, vilikuwa vya namna mbili: vikubwa vya kupendeza, na katikati yao vidogo vilivyodumaa, vingi tu. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kidoa kikubwa. Ukasimama hapo. Alikumbuka kwamba hata mara ya kwanza vidogo vilikuwepo. Alivitupa kwa sababu vilimharibia sahani.

Safari hii alipima vyote. Alipanda vikubwa kwenye sahani moja na vidogo kwenye nyingine, na katikati ya kila moja akaweka kiduara cha karatasi kilicholoweshwa flukonazoli. Vikubwa vilikaa mbali na karatasi, dawa imevikomesha. Vidogo viliota mpaka ukingoni mwa karatasi, bila hata kujali.

Mashine ya kusoma DNA ilimweleza yaliyobaki. Zote zilikuwa hamira moja, ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba zile ndogo zilikuwa zimejiongezea nakala za kipande cha kromosomu ya tano. Katika kipande hicho mna jeni ya kutengeneza kimeng'enya ambacho flukonazoli hukilenga, na jeni nyingine inayoamsha pampu za kuisukumia dawa nje ya seli. Nakala zikizidi, kimeng'enya kinakuwa kingi kiasi cha kuilemea dawa, na pampu nazo zinachapa kazi. Lakini mzigo huo ni mzito. Pasipo dawa, hamira inayoubeba hukua polepole, na mara nyingine huutua kabisa. Kooni mwa Usumani, penye dawa kila siku, hizo ndogo ndizo zilizotawala. Mbele ya Kayitesi, kwenye sahani isiyo na dawa, zilionekana takataka. Aliyekuwa akiitema dawa ni hamira, si mzee.

Mugabo alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Andika kwamba usugu umezuka sasa, katika sampuli ya pili," alisema. "Dawa nyingine atapata, na maabara haitaguswa. Nani atapungukiwa?"

Lilikuwa pendekezo zuri, na Kayitesi alilitamani. Kusaini kosa lako mwenyewe si mchezo. Lakini kama usugu umezuka jana, basi juzi mzee alikuwa anavitema vidonge kweli. Angepona, akarudi Rwezamenyo akiwa mwongo.

"Yeye atapungukiwa," alisema, akachukua sahani zote mbili, akapanda nazo ngazi.

Mugenzi hakuzungusha maneno. Alizitazama sahani, akatukana kwa Kihaya, akaagiza amfoterisini ya mshipani siku hiyohiyo. Kisha akaenda mwenyewe kumwomba mzee radhi. Dawa mpya ilimtetemesha Usumani kwa homa, figo zake zikawa zinapimwa kila mara, lakini koo likaanza kufunguka. Akameza maji, halafu uji.

Kayitesi alikuja kumwona akiwa ameegemea mto. Mukabalisa alikuwa pembeni, anakunja shuka.

"Mzee, kosa iko yangu," alisema. "Hamira yenye ilikuwa inashinda dawa, mimi niliitupa. Wewe ulimezaga zote. Sikufanya vizuri, mzee. Unisamehe."

Shuka lilimponyoka Mukabalisa.

"Nimekusamehe, binti yangu," Usumani alisema. "Na dogiteri nimemsamehe. Nyinyi hamkunijua."

Mukabalisa alisogea kitandani, machozi yanamlengalenga. "Na mimi, baba watoto?"

Usumani alimtazama bila ukali.

"Wewe ulikuwa unanijua," alisema.