Pumzi Kumi na Nne

Daktari wetu alinunua chumba cha hewa, dude la plastiki nene lenye zipu, mtu analala ndani kama nguo kwenye begi. Akatuhutubia sisi wafanyakazi wa zahanati yake. Presha ikiongezwa kidogo, oksijeni ikizidishwa kidogo, mtu aliyetulia atapumua polepole kama mtoto mchanga. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko sisi sote, lakini mimi ni nani nimsahihishe daktari.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu pumzi. Mtu akijua anahesabiwa huanza kupumua kwa adabu, kama anapigwa picha. Kwa hiyo mimi humshika kifundo cha mkono, nikijifanya nahesabu mapigo ya moyo, kumbe jicho liko kifuani.

Wa kujitolea hawakupatikana, nikamleta mama yangu mzazi. Mwezi mzima alikuwa anahema hata akiwa amekaa, na mimi nilikuwa nimeingiwa na hofu ya kumpoteza. Kabla ya kuingia, pumzi ishirini na nne kwa dakika. Akakaa humo saa nzima. Alipotoka na kupumzika kidogo, kumi na nne.

Daktari almanusura acheze. "Umeona? Hiyo ndiyo sayansi." Akaenda kuandika tangazo.

Nikabaki kukunja dude lake, ndipo nikaona zipu. Sikuwa nimeifunga mpaka mwisho. Hewa ilivuja saa nzima, na mshale wa presha haukutoka kwenye sifuri. Sayansi yote ile, mama alikuwa amelala tu ndani ya begi.

"Mama, ulijisikiaje humo?"

"Vizuri sana, mwanangu. Hakuna aliyeniita."

Nina watoto wanne. Mama huwaamsha, huwaogesha, huwasindikiza shule wakubwa huku kitinda mimba yuko mgongoni. Nami nikirudi jioni humuuliza mbona sare hazijapigwa pasi. Bingwa wa kuhesabu pumzi za watu, za mama yangu sijawahi kuzisikia zikipanda ngazi na ndoo ya maji. Kweli nyani haoni kundule. Niliona aibu.

"Mama, ile mashine haikufanya kazi. Nilikosea kufunga."

Alikuwa anavaa viatu, taratibu, kama mtu asiyetaka kufika aendako.

"Basi usimwambie daktari," alisema. "Kesho ukosee tena kufunga, lakini masaa mawili."