Mikono Badala ya Ulimi

Walivyozoeana ndugu wale wawili ni hivi: mdogo akianza sentensi, dada yake anaimalizia. Kigugumizi kilimwanza mdogo akiwa na miaka minne, na tangu hapo dada akajifanya mkalimani wake. Dukani yeye, zahanati yeye, hata siku mdogo alipokwenda kuomba kazi yake ya kwanza, dada aliingia naye ofisini akajibu maswali yote. Sasa walikuwa watu wazima. Mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea, na mageti yake yalisifika kwa kufunga bila kelele. Dada alikuwa mwalimu wa hesabu.

Ni dada aliyeleta ule mchezo. Aliufundishwa na mwalimu mwenzake, akanogewa nao, akaandika kanuni zake kwenye daftari la mistari. Kila Jumapili alasiri walikutana kwa shangazi yao, mshonaji, wakasogeza vitambaa pembeni na kuizunguka meza ya kukatia. Wachezaji walikuwa watatu: fundi, shangazi, na kinyozi wa jirani ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hazimiki. Dada alikuwa msimulizi. Yeye ndiye aliyewaelezea walipo na waliokutana nao. Wao walisema wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, mchezaji alirusha dadu ya pande ishirini, akajumlisha na alama za mhusika wake; jumla ikifika kiwango alichoweka msimulizi, amefaulu. Alama zenyewe zilikuwa za aina tatu: Mikono ya kazi, Macho ya kugundua, na Ulimi wa kushawishi watu.

Fundi alimchagua mhunzi. Mikono alama nane, Ulimi moja. Redio alimchagua msemaji wa mfalme, na alama zake zote akazimimina kwenye Ulimi, hata mhusika wake akawa hawezi kufungua chupa.

Jumapili tatu za mwanzo fundi hakusema mengi. Ya nne, walipofika kwenye daraja lenye mlinzi, aliinua mkono.

"N-n-nataka kuongea naye mimi," alisema.

Akaanza. Neno la tatu likagoma kutoka. Redio akatazama kucha zake, shangazi akaokota uzi ambao haukuwa na haja ya kuokotwa, na dada, kwa mazoea, akadakia: "Anamwambia mlinzi kwamba wana mgonjwa. Haya, rusha dadu." Fundi akarusha, akakosa.

Usiku ule dada hakupata raha. Alikuwa amemwona mdogo wake alivyoinamisha kichwa, akaamua kufanya jambo. Jumapili iliyofuata alikuja na kanuni mpya: mchezaji anaweza kutumia alama za Mikono badala ya Ulimi, mradi kuna kitu cha kutengeneza. Alipoisoma alimtazama mdogo wake kwa tabasamu la mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

Na kweli, mambo yakawa mteremko. Mwenye nyumba ya wageni hataki kuwapokea? Kufuli lake bovu. Fundi akarusha dadu, kufuli likapona, mwenye nyumba akalainika. Mkuu wa soko kanuna? Mizani yake imepinda. "Rusha tu, mdogo wangu," dada alisema kila mara. Fundi akarusha, wote wakampigia makofi. Baada ya wiki mbili aligundua kwamba alasiri nzima imepita na hajatamka neno hata moja zaidi ya "asante."

Kisha, mle mchezoni, wahusika wao wakakamatwa kwa tuhuma za wizi na kupelekwa mbele ya hakimu. Dada akasema, "Kiti cha hakimu kimelegea mguu…"

"La!" Redio alipiga meza, bakuli la vifungo likaruka. "La, mwalimu! Mhusika wangu hana nguvu, haoni mbali, nimemnyima kila kitu ili ajue kuongea. Sasa nyundo inabembeleza watu kunishinda mimi? Basi niambie nirudi kwangu nikanyoe!"

"Redio, punguza sauti," dada alisema. "Sababu unaijua."

Shangazi akashusha mkasi taratibu.

"S-s-sababu ipi?" fundi akauliza.

Dada akalivuta daftari lake karibu.

"Nyundo ninayo w-wiki nzima," fundi akaendelea. "Huku sikuja kupiga nyundo. N-nilikuja kuongea. Hapa nikikosea, anayekosea ni m-m-mhunzi. Ndiyo maana niliupenda mchezo huu."

"Nilitaka kukusaidia," dada alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Najua, dada. Nakushukuru. Lakini h-hukuniuliza."

Machozi yakamlengalenga dada. Shangazi akamsukumia kipande cha kitambaa, kisha akasema kwa ukali wa upole, "Haya, hakimu anasubiri. Mwacheni mwanangu aseme, na asikatizwe na mtu."

Basi fundi akasimama. Alimweleza hakimu kwamba hawakuiba, kwamba geti walilikuta wazi, na kwamba yeye kama mhunzi anajua geti lililovunjwa na geti lililosahauliwa. Ilichukua dakika nyingi. Maneno mengine yalikwama hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Redio, ambaye hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho, alikaa ameshika kidevu na kutikisa kichwa kana kwamba ni yeye hakimu. Dada alibana midomo.

Fundi akarusha dadu. Sita. Kuongeza moja, saba. Ilitakiwa kumi na tano.

"Lakini hoja yako ni nzuri," dada akasema haraka, "naweza kukupunguzia…"

"Usinipunguzie."

Dada akavuta pumzi. "Hakimu amewahukumu kubeba mawe mwezi mzima."

"Tumekwisha!" Redio akalia, na fundi akacheka mpaka akashikilia meza.

Kabla hawajaagana walikaa kuirekebisha ile kanuni, na safari hii waliitunga wote wanne. Mikono inaweza kusimama badala ya Ulimi pale tu mchezaji mwenyewe akiomba, aeleze kazi ya mikono yake itamgusa vipi yule anayemshawishi, na mara moja tu kwa kila safari. Redio alidai iandikwe kwa wino. Ikaandikwa.

Jumapili iliyofuata, kwenye machimbo ya mawe, Redio alihutubia mlinzi kwa ufasaha wa ajabu, akarusha dadu, ikatoka moja. Mlinzi akamchapa kibao. Fundi akakuna kichwa, akafikiri.

"Naomba M-Mikono," alisema. "Huyu mlinzi anachechemea. Msumari wa kiatu chake umechomoza, unamchoma. N-nitamwambia avue, niugonge. Mtu aliyepumzika mguu husikiliza."

"Nimekubali," dada alisema. "Mwambie."

Akamwambia mwenyewe, kwa kituo, kisha akairusha dadu. Kumi na mbili, na nane juu yake. Redio ndiye aliyetangulia kushangilia.